Mnyoo Akifika Kwenye Figo, Aibu Isimsaidie



Siku hizi ukimuuliza bibi harusi wa mjini fungate itakuwa wapi, hasemi tena Nungwi wala Paje, maana huko amekulia. Anasema Ngorongoro. Ndege mpaka Arusha, gari mpaka Karatu, usiku mmoja kwenye baridi ambayo kanga mbili hazifui dafu, na alfajiri mnaingia getini kushuka kreta. Picha zinarudi: bwana harusi na koti lake, bibi harusi na abaya na miwani, nyuma yao boma la Wamasai, mbuzi wengi, mama mmoja amesimama mlangoni, na mbwa wawili wamelala kivulini. Hatuna ubaya na fungate hizo. Ni nchi yetu, na kutembea kutazama alichokiumba Mola ni jambo jema. Leo lakini tunataka kuzungumza juu ya wale mbwa waliolala, na yule mama ambaye hakuna aliyemuuliza hali.

Ngorongoro ni moja kati ya sehemu za Tanzania ambazo madaktari wanazijua kwa ugonjwa wa uvimbe wa maji unaoletwa na tegu wa mbwa. Hospitali za huko, kama Wasso upande wa Loliondo, zimewafanyia wagonjwa upasuaji wa uvimbe huu kwa miaka mingi. Kaskazini mwa Kenya, kwa Waturkana, ugonjwa uliwahi kuwa mkubwa kiasi kwamba AMREF walianzisha mpango maalumu wa kuudhibiti mwaka 1983. Shirika la Afya Duniani linauweka katika orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Yaliyosahauliwa na nani? Na sisi pia, tunadhani, kwa sababu anayeugua ni mfugaji, yuko mbali, na mara nyingi ni mwanamke.

Tegu mwenyewe ni mdogo mno, hafiki hata urefu wa punje ya mchele. Anakaa kwenye utumbo wa mbwa, na mbwa anaweza kubeba maelfu yao huku mnene, anabweka, hana dalili yoyote. Mayai hutoka na kinyesi, yakabaki kwenye udongo, kwenye majani, kwenye maji, na kwenye manyoya ya mbwa mwenyewe. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wanayala malishoni. Ndani ya mnyama yai linapasuka, kijidudu kinatoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu na kwenda kutulia kwenye ini au pafu, na hapo kinajijengea mfuko wa maji. Mnyama akichinjwa, ini lenye malengelenge likitupwa, mbwa akilila, baada ya wiki kadhaa tumboni mwake mna tegu wapya wanaotaga. Binadamu hatakiwi kabisa katika mzunguko huu. Anaingia kwa bahati mbaya tu: ameshika mbwa au udongo, hakunawa, amekula, au amekunywa maji yaliyochafuliwa, au mtoto ametia kidole mdomoni. Yai likishamezwa, mwili wa mtu unafanywa kama ule wa mbuzi.

Uvimbe mwingi kwa binadamu, kama saba katika kila kumi, hukaa kwenye ini. Wa pili ni mapafu. Kwenye figo ni wagonjwa wawili au watatu tu katika mia, na mtu anaweza kusema hao ni wachache, tuendelee na mambo mengine. Sisi tunaona hao wachache ndio wa kuogopewa zaidi kwa mwanamke, kwa namna figo ilivyo. Figo zipo mbili. Moja ikiminywa taratibu na mfuko wa maji unaokua mwaka hadi mwaka, ya pili inabeba kazi na mwenyewe hajui. Kinachokuja ni maumivu ya ubavuni na kiunoni. Na ni mwanamke gani anayechota maji, anayebeba kuni, aliyezaa mara tano, asiyeumwa kiuno? Anafunga kanga kwa nguvu, anaendelea. Uvimbe unaweza kukaa miaka kumi na zaidi bila kujulikana. Wakati mwingine unatokea mkojo wenye damu. Mara chache sana mfuko hupasukia kwenye njia ya mkojo, na mgonjwa akakojoa vipande vyeupe vyembamba kama maganda ya zabibu. Hiyo ni dalili ambayo daktari akielezwa tu anajua anashughulika na nini, lakini lazima aelezwe, na hapo ndipo ulimi wa mwanamke unapokuwa mzito.

Kuna jambo moja la kukazia kwa sababu linaua. Uvimbe huu hautobolewi kienyeji. Haukandwi kwa nguvu, hauchanjwi kwa wembe, wala hatobolewi mtu na mganga kwa sindano ati maji yatoke. Maji yale yakimwagikia ndani ya mwili yanaweza kuleta mshtuko mkali wa mzio, mtu akakata roho kwa muda mfupi, na akipona, mbegu zilizomo zinatawanyika na kuzaa uvimbe mwingine mwingi. Hospitali wanaanza na altrasaundi, ile ile tunayoikimbilia kuangalia mtoto wa kike au wa kiume. Kisha, kwa kadiri ya uvimbe ulivyo, wanatoa dawa ya albendazoli kwa miezi, au wanatoa maji kwa sindano maalumu wakiwa wamejitayarisha, au wanapasua. Uvimbe wa figo ukiwahiwa mara nyingi unaondolewa na figo ikabaki. Ukicheleweshwa, figo yote inatolewa.

Sasa turudi kwa mbwa, maana tunajua nini kinapita vichwani mwenu. Tumeshasikia mara nyingi, tena vibarazani kwetu: "Si ndio maana dini imekataza mbwa? Wao wanalala nao." Na pua inabanwa.

Taratibu. Dini haikumkataza mfugaji mbwa wake. Mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwindia ameruhusiwa, na watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao mlangoni. Katika boma la Ngorongoro mbwa ndiye ukuta. Usiku fisi anakuja, chui anakuja, na mama aliye peke yake na watoto na mbuzi ishirini hana bunduki wala taa ya umeme. Mwambie afukuze mbwa, umemwambia alaze mbuzi nje kwa fisi. Na hukumu yetu ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, inahusu chombo alichokitia mbwa mdomo. Haihusu heshima ya mtu. Hatupendi sana mtindo wa kutafuta maabara ndani ya kila hukumu ya fiqhi, sisi tunaosha kwa sababu tumeamrishwa. Lakini tukishaosha chombo, tusimgeuze mwenzetu kuwa najisi.

Tena wanawake ndio wanaoumia zaidi. Kwa Waturkana ilionekana wazi kwamba wanawake waliugua kuliko wanaume, na si ajabu. Mwanamume anaondoka na ng'ombe. Mwanamke anabaki nyumbani pamoja na mbwa, anafagia pale mbwa alipolala, anakamua, anapika, anakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe kupiga nyumba, na maji ya kunawa ni yale aliyoyabeba mgongoni kutoka mbali. Ukiwa na dumu moja la maji kwa siku nzima na watoto sita, hebu tuambie wewe unanawa mara ngapi. Tunaposema "usafi" tukiwa tumesimama kwenye mfereji wa nyumbani, tuwe na haya kidogo.

Na tusiseme mambo ya Ngorongoro ni ya Wamasai peke yao. Karatu, chini ya msitu wa kreta, ni mji unaokua kwa utalii, na mabinti wetu wanaolewa huko na madereva, wapishi na wenye maduka. Wanakuta majirani Wairaqw wenye shamba, ng'ombe na mbwa uani, watu wakarimu wanaokaribisha mgeni kwa maziwa. Binti wa Michenzani aliyekulia ghorofani hajui la kufanya na mbwa anayemfuata mlangoni, na somo yake hakumwambia. Alimfunda kupiga singo, kutia udi, kumpokea mume. Aongeze na haya: kunawa kwa sabuni na maji yanayomiminika kabla ya kushika chakula, kuchemsha maji ya kunywa, kuosha mboga za kuliwa mbichi, kumzuia mtoto asichezee mbwa kisha akala. Na ajue kuwa mayai ya tegu huyu ni sugu, dawa nyingi za kuulia vijidudu hayazijali, lakini maji ya moto yanayochemka yanayamaliza. Mbwa mwenyewe anatibika. Prazikwanteli inamtoa tegu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wapewe angalau mara nne kwa mwaka. Hiyo haiwezi kuwa kazi ya mama mmoja na mfuko wake. Ni kazi ya idara za mifugo, na kama serikali inaweza kufikisha chanjo ya kichaa cha mbwa kijijini, basi mfuko ule ule wa daktari wa mifugo unaweza kubeba na vidonge.

Hayo ni ya bara. Sasa la kwetu, maana huku visiwani figo za wanawake nazo zina mnyoo wao, na hapa ndipo hasa aibu inapotumaliza.

Kichocho. Mnyoo huyu hakai utumboni kama tegu. Kichocho chetu cha Unguja na Pemba kinakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Ana ndugu yake wa kichocho cha tumbo, ambaye anajulikana sana pembezoni mwa Ziwa Victoria, naye hukaa kwenye mishipa ya utumbo na anaweza kuumiza ini na hata vichujio vya figo. Wote wawili hawaingii kwa mdomo. Wanapenya ngozi ya mtu aliyeingia kwenye maji baridi yenye konokono: mtoni, bwawani, kwenye mfereji wa shamba, kwenye bonde la mpunga. Popote penye maji ya kumwagilia yanayokwenda polepole, iwe Cheju au mashamba ya vitunguu ya Mang'ola kule Karatu karibu na Ziwa Eyasi, konokono wa aina hiyo wanaweza kupata makao, na mwanamke anayefua hapo anaingia mpaka magotini.

Mayai ya kichocho chetu yanakwama kwenye ukuta wa kibofu na mirija ya mkojo. Panakuwa kovu, mrija unabana, mkojo unarudi nyuma, figo inajaa na kuvimba, na miaka ikipita inakufa. Dalili ya mwanzo ni ile tunayoijua sote, mkojo wa damu. Zanzibar imepiga hatua kubwa. Tokea mwaka 2011 Wizara ya Afya na washirika wake, ikiwemo maabara ya Ivo de Carneri iliyoko Pemba, walianza kazi ya kutaka kuukata kabisa: dawa kwa skuli na kwa watu wazima, kuua konokono, kufundisha watoto. Maambukizi yakashuka sana, lakini kuna shehia ambazo bado yanarudi.

Kijana wa kiume akikojoa damu, wenziwe wanamtania na mama yake anampeleka kituo cha afya. Msichana akikojoa damu, anaulizwa alikuwa na nani.

Hilo ndilo tunalolikasirikia. Mayai haya haya yanaweza kukwama kwenye shingo ya kizazi na sehemu za siri za mwanamke. Yanaleta vidonda, uchafu unaotoka, kuwasha, maumivu, na damu wakati wa tendo la ndoa au baada yake. Yanaweza kuzuia mimba. Msichana aliyefulia mtoni akiwa na miaka minane anaolewa na ishirini na mbili, hajawahi kuguswa, na usiku wa ndoa au wiki ya pili anatokwa damu isiyoeleweka, ana maumivu, ana vidonda. Mume anafikiria zinaa. Mawifi wananong'ona. Anapewa dawa za magonjwa ya zinaa mara tatu, hazisaidii, na kutosaidia kwenyewe kunachukuliwa kuwa ushahidi dhidi yake. Ndoa zinavunjika kwa mnyoo. Kumsingizia mwanamke mtwaharifu uchafu ni dhambi nzito mbele ya Allah, na imewekewa adhabu inayojulikana. Mbona tunaifanya kwa wepisi hivi, tena kwa kukonyezana tu?

Huyu wa kwetu na yule mama wa Ngorongoro wameunganishwa na kitu kimoja. Yule tumbo linavimba, wanasema ana mimba isiyozaliwa, au amerogwa. Huyu mkojo unageuka rangi, wanasema amechafuka. Wote wawili wananyamaza, na figo, ambayo kwa kawaida yake hailalamiki mapema, inapata wa kunyamaza naye. Siku anapofikishwa hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, miguu imevimba, pumzi haitoshi, na familia inauza shamba.

Kwa hiyo tunawaomba masomo wa mabibi harusi, mama zetu, mlichukue hili. Mna mlango ambao daktari hana. Mwari yuko ndani, amekaa na wewe siku saba, anakuamini. Muulize, kwa upole, chumbani: umewahi kukojoa damu? Unaumwa ubavuni? Ulikulia karibu na mto au bonde? Ulikulia kwenye mbwa wa mifugo? Akisema ndiyo, mpeleke akapime mkojo na altrasaundi ya figo na kibofu kabla ya harusi. Vipimo vya ndoa tunavyovifanya tayari, vya damu na vya virusi, tunavisifu. Kikombe cha mkojo si mzigo juu yake. Dawa ya kichocho ni hiyo hiyo prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtu, na Shirika la Afya Duniani linairuhusu hata kwa anayenyonyesha na kwa mjamzito aliyepita miezi mitatu ya mwanzo. Ikitolewa mapema kibofu na figo zinaweza kupona vizuri. Makovu ya zamani kwenye shingo ya kizazi ni magumu zaidi kuondoka, ndio maana hatutaki asubiri.

Na waume nao wasikie. Mke anayekwambia "nakojoa damu" amekupa amana. Ukimjibu kwa swali la nani, hatakwambia tena, na wewe ndiye utakayelipa hospitali.

Tumalizie kwa kuchinja, kwa sababu Idd el-Hajj iko mbele yetu, na mbuzi na ng'ombe wengi wa kuchinja visiwani huletwa kwa vyombo kutoka bara. Mwanamume anachinja, anapiga picha, anakwenda kuoga. Matumbo, maini na mapafu yanatufikia sisi jikoni. Ukikuta ini au pafu lina mfuko wa maji, malengelenge meupe yaliyojaa, usipige kelele. Aliyekula nyama ya mnyama huyo hapati ugonjwa kwa njia hiyo, na nyama iliyobaki muulize mkaguzi. Hatari ni pale kile kipande kinapotupwa jalalani na mbwa koko akakipata. Kisitupwe. Kichomwe, au kizikwe kwenye shimo refu lifunikwe mawe ili mbwa asifukue, au kama hakuna njia nyingine kichemshwe nusu saa nzima kabla ya kutupwa. Wanaopeleka udhhiya Ngorongoro na Karatu kupitia misikiti ya huko, na wapo kila mwaka, waulize swali hili kabla ya kutuma fedha: mapafu na maini mabovu yanakwenda wapi? Fedha ya shimo itolewe pamoja na fedha ya mbuzi.

Mtaani kwetu tumekubaliana shimo lichimbwe siku ya Arafa, kabla watu hawajachoka na kabla jua halijawa kali. Jembe liko kwa shemeji yetu. Mawe tunayatafuta.